Mihogo ya Usiku Mmoja

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeona baleinière nzima, mashua ya watu na mizigo, ikizungushwa na mkondo kama kibuyu. Nimeona majeshi mawili ya wageni yakipigana katikati ya Kisangani, mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa humo. Nimejiona mwenyewe, mtu wa darasa la tatu la msingi, nikitoka kwenye baiskeli moja ya kukodi hadi kuwa na baiskeli zangu, pikipiki zangu, na depo pale Makiso ambayo ukiuliza mtoto yeyote atakupeleka. Lakini siku nilipoona wamama wakitia maharage kwenye sahani mbele ya umati, mdomo ulibaki wazi kama wa samaki. 

Habari yenyewe ni ya shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Yeye ndiye aliyenilea. Alikaa peke yake kwenye barabara ya kwenda Kapalata, mahali ambapo askari wa kambi walikuwa wanapita asubuhi na jioni. Alikuwa mjane, mkali wa mdomo, na alijua majani ya kutuliza tumbo la watoto. Mwanamke mzee, hana mume, hanyamazi, ana majani: wakati wa amani huyo ni mama wa mtaa. Wakati wa vita huyo ni ndoki, mchawi wa kula watoto.

Watoto wa upande ule walikuwa wameanza kuamka na miguu iliyokaza. Mtoto amecheza jana, amekula, amelala mzima. Asubuhi anasimama kwa vidole, magoti yanagongana, anatetemeka, anaanguka. Hakuna homa wala kidonda. Hawakufa, ila miguu haikurudi. Jirani wa ukuta kwa ukuta wa shangazi alikuwa seremala, na binti wa seremala huyo alikuwa anakimbia kama mboloko wa pori. Sasa alikuwa anaburuzwa kwenda chooni.

Seremala hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililonitisha. Alisimama mbele ya chef, mukubwa wa quartier, yaani mtaa wetu, akasema:

“Papa chef, angalia mwenyewe. Nyumba zenye kumuzunguka huyu mama, batoto wanalemaa. Nyumba za mbali na yeye, batoto wako muzuri. Unataka alama gani ingine? Aandike barua?”

Watu wakacheka kicheko kibaya. Mimi nilikuwa pale, nikageuka kuzitazama nyumba zile. Ilikuwa kweli. Ukizunguka kwa macho tu, ilikuwa hivyo hivyo.

Chef alikuwa mtu wa kusikiliza lakini pia mtu wa kuogopa vijana wa mtaa. Akasema tungoje dimanche, baada ya misa. Kama hakuna mtu atakayeleta neno lingine, mama atoke katika quartier. Atoke aende wapi? Kila njia ya kutoka mjini ilikuwa na barrière, kizuizi cha askari, na nyuma ya barrière ni pori na watu wenye bunduki. Kumtoa mwanamke wa umri ule ilikuwa kumuua bila kuchafua mikono. Na wale vijana hawakuwa na mpango wa kuacha mikono safi. Tairi za kumchomea walishaziweka kando ya njia, wanazikalia.

Nikambeba shangazi kwa baiskeli hadi kwangu. Njia nzima alilalamika kuhusu barabara, na alipofika akalalamika kuhusu kitanda.

Sasa, kati ya wateja wangu wa toleka, baiskeli ya kubeba abiria, alikuwapo mademoiselle mmoja, assistante, mwalimu msaidizi wa université. Madarasa yalikuwa yamefungwa kwa vita na mshahara ulikuwa hadithi, lakini yeye alizunguka mji akiuliza wamama habari za chakula. Alichosomea, jinsi alivyonieleza, ni kukusanya mambo ya watu wengi na kuyapanga mpaka yaseme kitu ambacho mtu mmoja peke yake hawezi kukisema. Niliona ni kazi ya mtu asiye na kazi. Hata hivyo, alikuwa na miwani, na miwani ndiyo niliyoihitaji.

“Mademoiselle,” nikamwambia, “kuja dimanche useme ni microbe. Watakusikia, wewe umesoma.”

“Tonton, nitasema namna gani kitu sijakiona?”

“Sema tu! Lunettes uko nazo.”

“Lunettes haziongei, tonton.”

Alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye baiskeli, kwa hiyo sikuona uso wake, ila nilisikia anawaza. Halafu akauliza: “Upande ule wanalowesha mihogo usiku ngapi?”

Mihogo michungu ya kwetu haipikwi hivi hivi. Inalazwa kwenye maji ya kijito hadi ilainike, ndipo inamenywa, inakaushwa, inatwangwa unga wa fufu. Nyanya zetu walikuwa wanasema usiku tatu, ukiweza nne. Uchungu unatoka na maji, kidogo kila usiku, na ule uchungu ni sumu. Lakini wakati wa vita askari walikuwa wanapita kijitoni na kujichotea. Mama ambaye mihogo yake imeibwa mara moja, safari nyingine anaitoa mapema. Wengine walikuwa wanaitoa baada ya usiku mbili. Wengine mmoja.

Nilifunga breki. “Basi imekwisha! Twende tuwaambie wenye usiku mmoja ndio wameugua.”

“Na seremala atakujibu nini?”

 Kijito walikokuwa wanaiba askari ni kile cha karibu na kambi. Nyumba za usiku mmoja zilikuwa zile zile za karibu na shangazi.

“Atasema ni yeye tu,” nikajibu.

“Voilà. Na mwingine atasema wale wa usiku mmoja hawali samaki, ni njaa imewashika. Kila kitu kimeshikana na kingine, tonton. Ukivuta kamba moja zinakuja zote. Kwa hiyo tunatafuta nyumba zinazofanana: karibu na shangazi vile vile ao mbali naye vile vile, samaki sawa, watoto sawa, baba yupo ao hayupo, mihogo ya shamba moja. Zitofautiane kwa usiku wa maji, basi.”

“Kama mapacha.”

“Kama mapacha.”

Hilo nililielewa haraka kuliko mwanafunzi wake yeyote. Kwetu, pacha mmoja ukimpa kitambaa, wa pili anapata kitambaa cha rangi ile ile. Mmoja ukimpiga, wa pili anakaa tayari. Ukiwalisha tofauti na mmoja akaugua, huhitaji mganga wa kukuambia ni chakula.

“Bon,” nikasema, “nitakuletea mapacha wengi. Wawili wawili: anayelowesha na asiyelowesha.”

“Hapana, tonton. Kila mutu analowesha. Neno si ndiyo ao hapana, neno ni ngapi. Niletee wanne wanne: usiku mmoja, mbili, tatu, nne, wote wanafanana. Kama ni maji yanaokoa watoto, tutaona ugonjwa unashuka usiku kwa usiku, kama ngazi. Ndoki hali watu kwa ngazi.”

Sasa niulizeni: ni nani katika Kisangani nzima aliyejua nyumba za watu kuliko mimi? Nilikuwa napeleka chumvi, sabuni na mafuta ya taa mlango kwa mlango. Naweza kukuambia nani anakula samaki kwa kuangalia jalala lake. Naweza kukuambia kama baba analala nyumbani kwa kuangalia viatu mlangoni. Nilizunguka siku nzima, na jioni nikamwekea mezani mapacha wanaong'aa. Kila nyumba yeye alikuwa anaiwekea punje ya haragwe, anaipanga na wenzake.

Alipofika katikati akavua miwani.

“Tonton. Uliangalia miguu mbele ya kuchagua?”

“Bien sûr! Nimechagua zile zitakazomusaidia mama.”

Akazoa maharage yote, akayarudisha kwenye mfuko. Nilihisi kama amenimwagia maji.

“Wewe ni arbitre anayengoja kuona nani amefunga, ndipo apange timu,” akasema. “Ukipanga hivi, hata mimi sikuamini, na mimi nakupenda. Rudia. Uliza yote, ila miguu usiulize. Ukimuona mutoto anakuja, angalia mbingu.”

Nikarudia. Mimi, mwanaume mzima, niliyekuwa na heshima yangu katika mji, nilizunguka mitaa nikiwauliza wamama habari za samaki na mihogo huku macho yameelekea mawinguni. Mama mmoja alimwambia mwenzake, “Pole, bombe zimemuingia kichwani.” Nikasikia, nikaendelea.

Sasa ndipo nilianza kuona ugumu wa kazi ile, na uzuri wake. Kumpata mama wa usiku mmoja karibu na shangazi ni rahisi, wamejaa. Wa usiku nne karibu naye? Nilitafuta hadi nikakumbuka nilishawahi kuuza mapipa matupu ya mafuta kwenye nyumba mbili tatu za pale. Hao walikuwa wanalowesha ndani ya uzio wao, askari hawaoni. Mmoja wao alikuwa jirani wa ukuta mwingine wa shangazi, upande wa pili wa seremala! Na mbali na kambi, wa usiku mmoja? Hao wako wapi, na kijito chao ni salama? Niliwapata kwa wakimbizi, wamama waliofika juzi na watoto wenye njaa, wasioweza kuliambia tumbo lingoje usiku nne, na wenzao wa usiku mbili, tatu na nne nikawatafuta humo humo kwa wakimbizi. Nilipompata wa kwanza nilipiga kengele ya baiskeli kwa furaha barabara nzima.

Nilipendekeza pia nyumba yangu mwenyewe. Niliona ni haki: nyumba nzuri, watoto wazima, mihogo yetu inalala kwenye pipa hadi inaomba kutolewa. Mademoiselle akauliza maswali yake yote, akafikiri, akatikisa kichwa.

“Siwezi kuiingiza.”

“Juu ya nini? Nyumba yangu ina ubaya gani?”

“Haina ubaya. Haina mwenzake. Samaki kila siku, bati juu, baba ana baiskeli tano. Hakuna nyumba ya usiku mmoja inayofanana na yako katika mji huu. Nitailinganisha na nini?”

Nikamwomba aseme tena mbele ya mke wangu. Akasema tena.

Ilibaki siku moja. Nilikuwa na furaha mpaka nilipomuuliza, kwa kutania tu, “Kwa hiyo kesho shangazi atarudi kwake?”

“Sijui, tonton. Miguu ya nyumba hizi sijaiona. Watoto watakuja kesho na mama zao, tutaona wote pamoja.”

“Na kama maharage yatasema ni yeye?”

Akafunga mfuko wa maharage. “Basi yatakuwa yamesema.”

Nilimtazama yule binti mwembamba, nguo yake imefuliwa hadi rangi imekimbia, na nilitaka kumpiga kofi. Shangazi alikuwa ndani akimgombeza mke wangu juu ya chumvi, na huyu hapa anaweka uhai wake kwenye punje za maharage asizozijua! Lakini baadaye nilitafakari kwamba kama angekuwa anajua jibu, seremala angeliona jibu hilo usoni mwake. Hakuna mtu anayeweza kununua uso wa mtu asiyejua.

Dimanche, watu wametoka misa, uwanja wa chef ulijaa. Vijana walikuwa wamesimama upande wa njia. Shangazi nilimleta mwenyewe, akakataa kiti, akakaa chini, miguu imenyooshwa mbele yake, kama aliyekuja kwenye sherehe ya wengine.

Mademoiselle alitandika mikeka miwili: huu ni wa nyumba za karibu na mama, huu ni wa nyumba za mbali. Juu ya kila mkeka aliweka sahani nne kwa mstari. Sahani ya usiku mmoja, ya mbili, ya tatu, ya nne. Akaeleza alichokuwa amekifanya, namna nyumba zilivyochaguliwa bila kuuliza miguu. Akamuuliza seremala mbele ya watu wote:

“Papa, wewe unazijua nyumba za karibu. Kuna moja hapa tumeichagua kwa ujanja?”

Seremala akazunguka, akawatazama wamama mmoja mmoja. “Hapana,” akasema. “Hata ya kwangu iko.”

“Iko, papa.”

Kisha akawaita wamama, kila mmoja na watoto wake. Mtoto anavuka uwanja kwa miguu yake, watu wote wanamwona. Kama katika nyumba kuna mtoto wa miguu iliyokaza, mama anachukua haragwe jekundu. Kama hakuna, jeupe. Anatia kwenye sahani yake kwa mkono wake.

Mke wa seremala alikuja kati ya wa kwanza. Alikuwa amembeba binti yake mgongoni, mtoto mkubwa wa kwenda shule. Akainama na mzigo ule, akatia haragwe jekundu kwenye sahani ya usiku mmoja. Mwenzake aliyemfuata alikuwa jirani wa ukuta wa pili, yule wa pipa. Watoto wake walivuka uwanja mbio, mdogo akaanguka kwa kucheza, watu wakashtuka, akainuka anacheka. Jeupe, sahani ya nne.

Waliendelea kuja. Mwanzoni watu walikuwa wanaongea, halafu sauti zikapungua zenyewe. Kwa sababu ilianza kuonekana. Mkeka wa karibu: sahani ya kwanza inakuwa nyekundu, ya pili nyekundu imepungua, ya tatu nyekundu chache, ya nne nyeupe tupu. Bon, mtu angeweza kusema ni bahati. Lakini pale pembeni, kwenye mkeka wa mbali, kwa watu ambao hawajawahi hata kulitaja jina la shangazi, sahani zilikuwa zinajaa hivyo hivyo! Nyekundu, kisha pungufu, kisha pungufu tena. Mikeka miwili ilikuwa inafanana kama viganja vya mtu mmoja. Hakuna aliyeipanga. Wamama wa mkeka huu na wa ule hawakujuana. Na hapo mikono yao ilikuwa inaandika neno moja, neno ambalo lilikuwapo muda wote katika nyua zetu, tunapita juu yake kila siku na baiskeli, hatulioni.

Nilimtazama mademoiselle. Macho yake yalikuwa yanaruka mkeka hadi mkeka. Hata yeye alikuwa anaona kwa mara ya kwanza. Mimi nimeingia kanisani mara nyingi, lakini siku ile ndiyo nilijua watu wanapiga magoti kwa sababu gani.

Halafu mama mmoja wa mkeka wa mbali, mama wa usiku nne, akatia jekundu.

Seremala akaruka. “Aah! Na ile? Ile ni maji gani? Usiku nne, iko mbali, na mutoto amelemaa! Ile ndiyo yake!” Akamwonyesha shangazi kidole. Vijana wa njiani wakasogea.

Watu wote wakamgeukia mademoiselle. Nilimwomba Mungu amtie uongo wowote mdomoni.

“Ile sijui, papa,” akasema. “Haragwe moja haliwezi kuniambia kitu. Labda ni ugonjwa mwingine, labda siku fulani walikula kwa jirani. Sijui. Ninachokijua ni hizi sahani zote.”

 Nilihisi tumeanguka. Ndipo shangazi, ambaye hakuwa amefungua mdomo toka asubuhi, akasema kwa sauti ya sokoni:

“Seremala! Jirani yangu wa pipa, ukuta wetu ni mmoja, namusikia akikohoa. Batoto wake wako wanakimbia. Mimi ni ndoki wa namna gani, naogopa pipa la maji?”

Mtu mmoja akacheka, mwanamke. Kisha wawili. Kisha uwanja wote ukacheka, kicheko kizuri sasa, cha watu walioshusha mzigo. Hata vijana wawili kati ya wale walicheka, na kijana aliyecheka hawezi tena kuwasha tairi.

Ni seremala tu na mkewe ambao hawakucheka. Mkewe alikuwa ameketi chini na binti yake mapajani.

“Mimi ndiye niliitoa mapema,” akasema polepole. “Waliiba mara mbili. Nikaitoa.”

Seremala akamtazama. Nilidhani atapiga. Akachuchumaa, akamchukua binti mgongoni mwake mwenyewe, akasimama.

“Waliiba askari,” akamwambia mkewe, mbele yetu wote. “Wewe uliwapa batoto chakula.”

Chef akatoa neno: mama abaki kwake, na wenye mapipa wapokee mihogo ya wenzao. Nilitoa mapipa mangapi siku ile sitasema, wenye kujua wanajua. Yule binti hakupona. Ugonjwa ule ukishakamata haurudishi. Lakini mpaka vita inaisha, katika mtaa ule sikusikia mtoto mwingine aliyeamka hivyo.

Watu walipotawanyika nilimwambia shangazi alale tena kwangu, angoje vijana wapoe. Akakataa. Akapanda nyuma ya baiskeli, akanishika kiuno.

“Pita mbele ya nyumba zote,” akaamuru. “Usipite njia ya nyuma kama mwizi.”

Nikapita mbele ya nyumba zote. Na nilipokuwa nakanyaga pedali, nilikuwa naziona tofauti: hii na ile, na ile ya mwembeni, na ile yenye mlango wa bati, zinashikana nne nne, zinajibizana. Macho yale sijayapoteza hadi leo. Tukafika mlangoni kwa seremala. Shangazi akanipiga mgongoni.

“Piga kengele, weye. Wajue nani anapita.”

Nikapiga. Ndani ya ua, sauti ya mwanamke ikaitika: “Mbote, mama.”

“Mbote,” akajibu shangazi. “Mutoto anaumwa tumbo? Kesho nitaleta majani.”

Hatua za mtu zikasogea nyuma ya uzio.

“Leta,” ikasema sauti ya mwanaume.